Boksi Lililofunguliwa Kabla ya Wakfu

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliishia pale wazee wa kanisa waliponirudisha kwenye kwaya baada ya miezi sita ya marudi. Kosa langu mnalijua. Nilipiga gitaa kwenye baa moja karibu na stesheni ya Tabora, siku ya Ijumaa Kuu, na mtu akanirekodi kwa simu. Kama hukusoma huko nyuma, hiyo inakutosha.

Nilirudishwa kwa sharti. Mzee Mayala, mwenyekiti wa kwaya, alilitamka mbele ya wazee wote, mke wangu Adelina akiwa amesimama kando yangu.

"Yoramu, likitokea kosa jingine, hata dogo, gitaa unaliweka chini moja kwa moja."

Nikasema nimekubali. Siku ile ningekubali hata kufagia stendi nzima.

Nilidhani balaa zangu zimekwisha. Kumbe zilikuwa zimekwenda kunywa chai tu.

Safari hii zilianza na jambo jema. Kwaya yetu ilialikwa kwenye tamasha la Ipole mwezi wa nane wa mwaka uliofuata, na michango ya vyombo vipya ikatosha. Kwa upande wa gitaa la solo, yaani upande wangu, tukaamua kununua vyombo vya kukanyaga.

Kwa asiyejua, gitaa la umeme siku hizi linapitia kwenye kisanduku cha kubadili mlio. Mikono iko kwenye nyuzi, kwa hiyo kisanduku unakiendesha kwa miguu. Unahitaji kibao chenye vitufe vya kukanyaga, sisi tunakiita kontrola, na pembeni yake pedali mbili kama ile ya mafuta kwenye gari. Ukikandamiza vidole mlio unapanda, ukikandamiza kisigino unashuka.

Rahisi, sivyo? Mimi pia niliona hivyo.

Kamati ilikaa Jumamosi. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Ngassa. Huyu ndiye aliyepiga solo miezi yote sita niliyokuwa nje. Niliporudi, alirudishwa kwenye gitaa la rithimu, na tangu siku hiyo salamu zake kwangu zilikuwa fupi sana.

"Tuchukue kontrola yenye vitufe kumi," akasema.

"Kumi vya nini?" nikamuuliza. "Nyimbo zetu mlio unabadilika mara tatu, ukizidi sana mara nne."

"Wenzetu wa Sikonge wana ya kumi."

"Wanavitumia vyote?"

"Wanavyo."

Mzee Mayala akakuna kidevu. "Ndugu Yoramu, kumi si vingi kuliko sita?"

"Ni vingi, mzee."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Hapo nilichemka. Wiki tatu nzima nilikuwa naangalia video za vyombo hivi kwenye simu, mpaka bando likawa linaisha kabla ya unga wa nyumbani. Nilijua kila kitufe. Halafu mtu anakuja kuniambia habari za Sikonge!

Nikatoka nje, nikarudi na katoni la sabuni. Nikalikata, nikachora vitufe kumi kwa chaki kwa vipimo vyake halisi, nikalilaza sakafuni.

"Mzee, shikamoo tena. Naomba usimame hapa, ukanyage kitufe cha saba."

Mzee Mayala anavaa kiatu namba arobaini na tano. Alikanyaga cha sita, cha saba na kona ya cha nane kwa pamoja. Kamati ikacheka. Yeye mwenyewe akacheka, jambo ambalo hutokea labda mara mbili kwa mwaka.

"Sasa fikiria huku nacheza na kuimba," nikamalizia.

Ikapitishwa ya vitufe sita. Kwa upande wa pedali, zile za kiwanda kilekile zilikuwa za plastiki, zinatikisika kama jino la mtoto. Nikachagua za chuma, za kiwanda kingine. Nassibu, fundi na muuza vyombo pale sokoni, akaagiza vyote Mwanza.

Ngassa akaomba neno la mwisho. "Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba kontrola na pedali vimechaguliwa na Ndugu Yoramu peke yake."

"Andika," nikamwambia katibu. "Tena andika kwa wino."

Nikikumbuka maneno hayo leo nataka kujipiga makofi.

Boksi lilifika Jumatano kwa basi la kupitia Nzega. Mzee Mayala alilifuata stendi mwenyewe, akalibeba kifuani mpaka kanisani, akalifungia ofisini kwa mchungaji. Mimi nilikuwa nimekwisha kufika, nimesimama mlangoni na gitaa langu.

"Mzee, nijaribu dakika kumi tu."

"Kabla ya wakfu?"

"Kuhakikisha tu kama vinaelewana. Ni vya viwanda viwili."

"Yoramu. Kinanda kile uliona mwisho wake?"

Kwetu chombo kipya hakiguswi mpaka mchungaji akiombee mbele ya ushirika mzima. Boksi linafunguliwa pale mbele, siku hiyo, likiwa na selotepu yake ya dukani. Miaka minne iliyopita kuna kinanda kilipigwa kwenye sherehe ya kipaimara kabla ya kuombewa, na siku ya tano kikatoa moshi. Nassibu anasema ulikuwa umeme. Ushirika unasema ni wakfu. Mimi, kwa hali niliyokuwa nayo, nilisema ni wakfu.

Lakini chombo hakijajaribiwa, kitafunguliwa mbele ya watu mia nne, na jina langu limeandikwa kwa wino.

Ijumaa kwaya yote ilikwenda kuimba msibani Kitete. Mimi niliaga kwamba nabaki kuandaa nyaya za spika za Jumapili. Funguo za ofisi zilikuwa kwenye mkoba wa Adelina, kwa sababu wiki ile ilikuwa zamu yake ya usafi wa kanisa. Nilizitoa mkobani wakati anaoga.

Sikumwambia. Nawaambia ninyi.

Saa nane mchana nilikuwa ofisini kwa mchungaji na wembe na selotepu mpya. Nikaligeuza boksi kichwa chini, nikachana selotepu ya chini ili ya juu ibaki salama. Nikachomeka kontrola, nikachomeka pedali, nikachomeka gitaa kwenye spika ndogo ya mazoezi.

Taa sita za kijani zikawaka. Jamani, nilifurahi! Nikapiga nyuzi zote kwa pamoja, nikakandamiza pedali kwa vidole ili mlio upande.

Kimya.

Nikakagua waya. Nikakagua gitaa. Nikakandamiza tena, kwa nguvu zaidi. Kimya kilekile. Nikarudisha kisigino ili nianze upya, na spika ikanguruma mpaka vioo vya dirisha vikalia.

Pedali ilikuwa imegeuka. Vidole vinazima, kisigino ndicho kinachopandisha. Nikajaribu ya pili. Nayo vilevile.

Nikampigia Nassibu.

"Umeniletea pedali za namna gani, wewe?"

"Na wewe pia habari za mchana," akajibu. "Kuna nini, bwana solo?"

"Nikikandamiza vidole hakuna kitu. Nikikandamiza kisigino nyumba inaanguka."

"Aa, hilo dogo. Viwanda tofauti, nyaya zinapishana. Ingia kwenye menyu ya kontrola, kuna sehemu ya kugeuza."

Nikaingia kwenye menyu. Nikapekua mwanzo mpaka mwisho. "Haipo."

"Mlichukua ya vitufe vingapi vile?"

"Sita."

"Aa. Hiyo menyu iko kwenye ile ya kumi."

Nilikaa chini kwenye kapeti la mchungaji. Ngassa alikuwa sahihi. Na kilichoniuma zaidi, alikuwa sahihi bila hata kujua kwa nini.

"Sikiliza," Nassibu akasema, "niletee nizilehemu. Nyaya mbili tu kila moja. Hufikishi nusu saa."

"Siwezi kuzitoa humu. Hazijaombewa."

"Basi nije mimi."

"Uonekane wewe na kibarakashia chako ofisini kwa mchungaji, umeshika chuma cha kulehemu?"

"Kwani Muislamu akilehemu haishiki?"

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilikuwa nafikiria kumwambia aje hivyohivyo, apitie mlango wa nyuma, na hapo nikasikia pikipiki ikizimwa nje. Ilikuwa pikipiki ya Mzee Mayala, ametoka msibani mapema.

Sijawahi kufanya kazi haraka namna ile. Kontrola ndani, pedali ndani, selotepu mpya chini, boksi juu ya meza. Mlango ukafunguliwa nikiwa nimeshika waya mmoja mkononi.

"Umebaki peke yako?"

"Naandaa nyaya, mzee."

"Nyaya ziko ofisini?"

"Nilikuwa natafuta ule mrefu."

Akaangalia waya mkononi mwangu. Akaangalia boksi. Akasogea, akaliwekea kiganja juu kama anavyowafanyia wajukuu wake, akatabasamu.

"Jumapili, Yoramu."

"Jumapili, mzee."

Nilikuwa na njia mbili. Kumwambia Mzee Mayala, au kujifunza kupiga kinyumenyume kwa siku moja na nusu. Mnaonijua tangu sehemu ya kwanza mmeshajua niliyoichagua.

Jumamosi mchana nilikaa uani na gitaa. Niliweka kipande cha ubao juu ya gunzi la mahindi, kikawa kinapanda na kushuka kama pedali. Wimbo ukipanda, kisigino chini. Wimbo ukishuka, vidole chini. Mguu ulikuwa unagoma. Miaka kumi na minane umezoea kitu kimoja, leo unauambia uache. Nilitukana ubao, nikatukana gunzi, nikatukana viwanda vyote viwili.

Adelina alikuwa anachambua mchele. Akaacha kuchambua.

"Unafanya nini?"

"Mazoezi."

"Ya kuendesha cherehani?"

"Ya kesho."

Akaniangalia mguu muda mrefu. Adelina anaimba sauti ya kwanza na amenisikia nikipiga tangu kabla hatujaoana. Huwezi kumdanganya.

"Wimbo unapanda, wewe unakandamiza kisigino. Kwa nini?"

Nikamwambia yote. Sikuficha hata selotepu.

"Kwa funguo zangu?" akauliza.

"Kwa funguo zako."

Akaweka ungo chini. "Nenda kwa Mzee Mayala sasa hivi. Mwambie kabla ya kesho."

"Nikimwambia, kesho anapiga Ngassa. Na kesho kutwa. Na Ipole."

"Usipomwambia?"

"Hakuna atakayejua. Nani anakuja kanisani kuangalia miguu yangu?"

"Nilisimama kando yako mbele ya wazee, Yoramu."

"Najua."

"Hujui," akasema, akaingia ndani.

Nilikasirika. Nilimwona kama hataki kunielewa. Siku sita za wiki, kazi ikipatikana, mimi nabeba marobota ya tumbaku ghalani, na huko naitwa "wewe wa shati jekundu" au "wewe wa mwisho." Siku ya saba ndiyo naitwa Yoramu. Niliogopa kuipoteza siku hiyo moja, ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kuwapa. Nikaendelea na ubao wangu mpaka mguu ukaanza kutii.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama milangoni. Boksi lilikuwa juu ya meza mbele, limefungwa utepe mweupe. Mchungaji akakata utepe. Mzee Mayala, amevaa suti yake ya kahawia, akakata selotepu ya juu kwa mkasi. Aliikata polepole, mimi natoka jasho. Akatoa kontrola, akaiinua juu watu waione. Akatoa pedali moja, akatoa ya pili. Boksi tupu likawekwa chini, na upande wake wa chini hakuna aliyeuangalia.

Mchungaji akaomba. Nilifumba macho kuliko mtu yeyote.

Nikaunganisha vyombo. Nikaweka mguu. Kwaya ikaanza, na mimi nikaingia ubeti wa kwanza, kisigino chini taratibu. Mlio ukapanda kama nilivyotaka. Ubeti wa pili nikaushusha mpaka ukabaki mwembamba, halafu nikauinua tena. Sijapata kupiga vile maishani mwangu. Vigelegele vikapasuka. Kina mama wa mbele wakasimama, mmoja akapiga kelele kwa Kinyamwezi, "Mayo wee!" Mzee Mayala alitoa leso akafuta macho.

Nikamtupia jicho Adelina kwenye mstari wa sauti ya kwanza. Alikuwa anaimba huku anaangalia ukutani.

Nilijua nimepita. Nusu dakika nzima nilijua nimepita.

Mzee Mayala akashika maiki, akanyoosha mkono kwaya ikatulia. "Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Baraka hii si ya mtu mmoja. Ni ya wapigaji wetu wote. Ubeti wa tatu, namwomba Ndugu Ngassa apige, ili wote wawili waiguse siku ya wakfu."

"Mzee," nikasema, "labda tumalizie kwanza..."

"Mpe mwenzio, Yoramu."

Ngassa akaja, uso umemchanua. Siku nyingi sikuwa nimemwona akinitabasamia. Nikamvisha mkanda wa gitaa. Kichwa chake kilikuwa karibu na mdomo wangu. Ningeweza kumnong'oneza, "Tumia kisigino." Maneno mawili tu. Lakini angeuliza nimejuaje. Nikarudi nyuma hatua mbili.

Kwaya ikaanza ubeti. Ngassa akakandamiza vidole kama mpigaji yeyote wa gitaa duniani.

Kimya.

Akakandamiza zaidi. Akaangalia waya. Jasho likamtoka. Akarudisha mguu kwa haraka, na spika zote nne zikanguruma kwa mpigo. Bibi mmoja wa benchi la mbele alirusha kitabu cha nyimbo. Watoto wakaanza kulia, vijana wa nyuma wakaanza kucheka. Kwaya ikakatika katikati ya mstari.

"Chombo kibovu!" Ngassa akasema. Sauti yake ilikuwa inataka kulia.

"Si kibovu," Mzee Mayala akajibu, maiki bado iko mdomoni. "Yoramu amekipiga sasa hivi."

Ngassa akaniangalia. Halafu akaangalia miguu yangu. Akachuchumaa, akapiga uzi mmoja, akaisukuma pedali kwa mkono. Mbele, mlio ukafa. Nyuma, mlio ukapanda. Mbele, nyuma. Akarudia mara tatu.

"Zimegeuka, mzee," akasema taratibu. "Kisigino ndicho kinachopandisha. Mtu asiyejua hawezi kupiga hizi."

Mzee Mayala akanigeukia. Natamani angefoka. Hakufoka.

"Boksi nimelifungua mimi, leo, mbele ya watu wote hawa," akasema. Kila neno lilipita kwenye spika. "Yoramu, wewe ulijuaje?"

Watu mia nne walikuwa wananiangalia. Nilitafuta uongo, na kwa mara ya kwanza sikuuona hata mmoja.

"Ni mimi, mzee."

Sauti ilitoka nyuma yangu. Adelina alikuwa ameshatoka kwenye mstari.

"Ilikuwa zamu yangu ya usafi. Funguo nilikuwa nazo mimi. Nililifungua boksi Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msibani, nikamwita aje ajaribu. Alikataa. Nikamlazimisha. Kosa ni langu, si lake."

Kanisa likaguna. Kuna mwanamke alisema "Hee!" na mwingine akamwambia anyamaze.

"Adelina," Mzee Mayala akasema. "Wewe?"

"Mimi."

Mchungaji akashuka kutoka madhabahuni. Alikuja mpaka karibu yangu, karibu kuliko siku ile ya wazee.

"Yoramu. Mkeo anasema kweli?"

Nilimwangalia Adelina. Yeye hakuniangalia. Alikuwa amekunja mikono mbele ya joho lake la kwaya, anasubiri kama wengine wote.

"Ndiyo, mchungaji," nikasema.

Adelina akavua joho. Akalikunja vizuri, kola juu, akaliweka kwenye benchi, akatoka kwa mlango wa pembeni. Ngassa akanirudishia gitaa.

"Ubeti wa tatu," akasema Mzee Mayala.

Nikapiga.